Ijue Kazi ya Nguo Kabla ya Kuitaja Bei: Mavazi ya Wawindaji wa Njiwa Yanayofika Kongowea

Hotuba mbele ya wauzaji wa mitumba, Kongowea, Mombasa

Assalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mwadaiwa humu ndani, karibuni, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie mali ya kiume ya kazi: makoti, vizibao, suruali za turubai, buti. Hiyo ni bahari, na adhuhuri imeshapita. Nitachukua fungu moja tu, kwa sababu ndilo naliona likiuawa bei sokoni humu kila mara. Nguo na vifaa vya wawindaji wa njiwa.

Naona mwacheka. Mtu mzima avae sare kwenda kumwinda njiwa? Huku kwetu kazi hiyo ni ya mtoto na manati yake, au ulimbo juu ya mti, na kaptura ya shule yamtosha. Lakini nguo hizi zinakuja, tena nyingi, zimejificha ndani ya marobota ya makoti, ya suruali za kiume, hata ya nguo za michezo. Anayefungua robota aona kizibao rangi ya tope, kina mfuko wa ajabu mgongoni, kina doa. Akitupe upande wa fagia, yaani mali ya daraja la mwisho. Jirani yake apite, akiokote kwa shilingi hamsini, akifue, akipige pasi, amuuzie mwongozaji wa watalii kwa bei ya shati jipya la dukani. Kizibao ni kile kile. Wa pili alijua kilishonwa kwa kazi gani.

Mimi nauza nguo za kazi tangu soko hili halijajengwa upande ule wa kule. Na nina mpwa wangu anaishi Texas, dereva wa lori. Wenzake kazini walimchukua shambani siku ya kufungua msimu, akanipigia simu ya video anionyeshe ndege. Nikamwambia, mwanangu, ndege nimewaona, hebu zungusha simu nione walichovaa. Tangu siku hiyo kila kitu nisichokielewa ndani ya robota nampigia picha yeye, na yeye huenda kuwauliza wazee wake wa kule.

Basi kwanza muelewe uwindaji wenyewe, maana mifuko yote na zipu zote zatoka humo.

Njiwa wanaowindwa sana Marekani ni tetere wa kwao, ndege mdogo wa gramu mia na kitu, na mwenzake mwenye mabawa yenye ukingo mweupe. Ni ndege wa kuhama, na wanalindwa na sheria ya mwaka 1918. Msimu hufunguliwa siku ya kwanza ya Septemba katika majimbo mengi, na katika mengi ya hayo mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya ndege 15 kwa siku. Bunduki ni ile ya marisau, ya kumwaga punje nyingi ndogo, na kisheria haishiki risasi zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Kumwaga nafaka shambani ili kuwavuta ndege ni kosa.

Shikeni hapo penye Septemba. Septemba ya Texas ni joto la digrii 35 na kuzidi. Mwindaji wa paa hutoka wakati wa baridi, amevaa koti la kilo tatu lenye manyoya ndani, na koti hilo hapa Mombasa utamuuzia nani? Mwindaji wa njiwa huketi juani. Nguo zake ni nyepesi, zapitisha upepo, zakauka upesi. Katika nguo zote za uwindaji zinazofika bandarini Kilindini, hizi ndizo zilizoshonwa kwa hewa inayokaribiana na yetu. Hilo peke yake lingetosha kuzitoa kwenye fagia.

Na hafukuzi ndege. Huketi ukingoni mwa shamba la alizeti, au la ngano iliyokwisha vunwa, au karibu na bwawa, chini ya kivuli kidogo, akingoja. Njiwa hupita kasi, aweza kuvuka kilomita 80 kwa saa, na hupindapinda hewani. Watu hupiga mara nyingi na kukosa mara nyingi, hata wale hodari. Kwa hivyo mwindaji ahitaji risasi nyingi karibu na mkono, pahali pa kuweka ndege waliokufa, kitu cha kukalia, maji, kivuli cha uso, na kinga ya macho na masikio. Ukikumbuka mahitaji hayo, ukishika nguo yoyote utaisoma.

Niseme mapema, ili asitoke mtu hapa na wazo baya: kwetu Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imelikaza jambo hilo. Tetere wetu, pugi wetu, ninga wetu wa kijani wabaki mitini. Tunauza nguo, hatuuzi mchezo.

Haya, kizibao. Hapa nitakaa, maana ndicho kinachonitia uchungu kuliko vyote.

Kishikeni juu. Kizibao cha njiwa kina wavu mabegani na mgongoni, ili hewa ipite. Mbele kina mifuko miwili mikubwa, mipana chini, yenye mdomo unaobaki wazi. Humo hukaa risasi, pakiti nzima ya 25 kila upande, na mdomo uko wazi ili mkono uingie bila jicho kutazama. Wakati mwingine utaona safu ya vipete vya mpira, kila kipete chashika risasi moja. Mgongoni, chini kabisa, pana mfuko mpana wa kuingilia ubavuni. Huo ni wa ndege. Ukitia mkono utagusa nailoni laini iliyopakwa kitu cha kuzuia maji, kwa sababu damu haitakiwi ifike kwenye suruali. Vizibao vizuri vina zipu inayofungua mfuko huo wote ukalala bapa, ukapanguswa kwa kitambaa.

Sasa fikirieni mteja. Mpiga picha pale Fort Jesus, mwenye lenzi na betri: mifuko ya mbele isiyofungwa ndiyo anayoitafuta. Mwongozaji wa watalii wa ndege kule Arabuko-Sokoke, anayebeba darubini, daftari, chupa ya maji na koti la mvua: mfuko wa mgongoni ni wake. Mama anayeokota korosho Kilifi, mikono yote miwili ina kazi: atupie korosho nyuma. Fundi wa umeme. Mvuvi wa mshipi. Hao wote ni wateja wa kizibao kimoja, na kila mmoja utamwambia maneno tofauti. Usimwambie mpiga picha habari ya korosho.

Doa la damu lisiwatishe. Maji baridi kwanza, na chumvi kidogo, kiroweke, kisha sabuni. Ukianza na maji ya moto umeipika damu ndani ya uzi, haitoki tena.

Kuna na mkanda. Wazee wengi wa kule, joto likizidi, hawataki kizibao kabisa. Huvaa mkanda wa kiunoni wenye mfuko wa risasi mbele na mfuko mkubwa wa ndege nyuma. Sokoni huku nimeuona ukiuzwa kama mkoba wa kike uliokatika. Jamani! Uangalieni kifungo chake, kama chashika, basi una mali ya fundi yeyote anayepanda ngazi.

Shati ni jepesi kulielezea. Mikono mirefu, kitambaa chembamba, matundu yaliyofichwa mgongoni chini ya pindo, kola ndefu ya kuinua izuie jua shingoni. Utaona mengi ya Columbia na wenzake, na wengi wenu tayari mwayajua kwa jina la mashati ya wavuvi. Yauzeni vivyo hivyo. Lakini kuna mengine yana lebo ya Insect Shield, yaani kitambaa kimetiwa dawa ya kufukuza wadudu, na wenyewe hudai dawa hiyo hudumu mifuo 70. Mwenye shati wa kwanza amelifua mara ngapi? Haijaandikwa popote. Uzeni shati, msiuze dawa. Mtu asije akalala nje bila chandarua kwa ajili ya neno lenu.

Rangi sasa, na hapa nawaomba mnitegee sikio vizuri, maana hapa pana hasara na pana polisi.

Njiwa huona rangi, tena vizuri kuliko sisi. Mwindaji wake huvaa rangi za udongo, za majani makavu, za kijani kilichofifia, na kofia ya kutia uso kivuli, kwa sababu uso uking'aa ndege hugeuka. Kinachomshtua zaidi ni mwendo. Mtu aliyetulia amevaa kahawia hupata ndege kuliko mtu wa mapambo anayejikuna kila saa. Ile rangi ya machungwa inayowaka mnayoiona kwenye vizibao vingine ni ya wawindaji wa paa na wa kwale, ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, na paa haioni sawasawa. Vijana wa bodaboda hununua vile vya machungwa wakidhani ni rifleta. Si rifleta. Mchana chawaka, usiku chazimika, kwa sababu hakina ule mkanda unaorudisha taa ya gari. Kama hakina mkanda, mwambieni mteja ukweli, au mpelekeni kwa fundi ashone mkanda ndipo mkiuze.

Halafu kuna mabaka. Marekani kuna majina mawili makubwa ya mabaka ya uwindaji, Realtree na Mossy Oak, yote yalianza mwaka 1986. Ukitazama kwa makini, ni picha ya magome ya miti, matawi na majani. Si mabaka ya jeshi. Wewe wajua, mimi najua. Je, askari aliyesimama kivukoni Likoni alfajiri, hajalala, atapima tawi na jani? Raia kuvaa sare ya jeshi au kinachofanana nayo ni kosa nchini, na mzozo wa kufanana utatatuliwa kituoni, si barabarani. Mteja wako akishikwa, jina la kwanza atakalolitaja ni lako.

Mimi suruali na shati zima la mabaka siweki mezani. Kofia yenye mabaka upande wa ndani, sawa. Kizibao chenye kipande kidogo, nakitoa kwa fundi akifunike. Kama nguo ni ya pamba tupu, tia rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, itakubali. Kama ni poliesta usijisumbue, rangi zetu za sufuria haziishiki; ikate iwe bitana ya ndani ya mikoba. Na kombati halisi za jeshi, za nchi yoyote ile, zikitokea robotani msibishane hata kidogo: weka kando, mwite kiongozi wa soko.

Tuendelee chini. Suruali za shambani mtazijua kwa tabaka la pili la kitambaa mbele, kuanzia pajani hadi ugokoni. Hapo huzuia miiba. Texas ina nyasi zenye mbegu za ndoano, ndugu ya mbigili yetu, na mbegu hizo hupenda kitambaa cha kufumwa kilicholegea, kama fulana na soksi. Kwa hivyo mwindaji huchagua kitambaa kilichokazwa, laini juu, mbegu iteleze. Mkulima wa Kwale anayefyeka atawashukuru kwa hiyo. Carhartt na Filson ni majina ya kutafuta. Lakini sitaki mtu aache suruali nzuri isiyo na jina kwa sababu hakuona lebo. Pitisha kucha juu ya kitambaa. Kucha ikiteleza, ni mali.

Buti. Kuna zile ndefu zinazofika karibu na goti, za nailoni nzito, zilizotengenezwa kwa ajili ya nyoka. Texas ana nyoka mwenye njuga mkiani, sisi tuna kifutu. Wateja wapo: vijana wa mashamba ya mkonge Vipingo na Mwatate, askari wa mbuga, watu wa kukata majani. Lakini ziuzeni kwa uangalifu. Buti ya mitumba ina ugonjwa mmoja mbaya kuliko matundu, nao ni soli. Soli nyingi za kisasa ni za plastiki yenye mapovu ndani, na plastiki hiyo huzeeka hata kama buti haikuvaliwa, hasa pahali pa unyevu kama Mombasa. Kwa macho ni mpya. Mtu atembee nayo siku mbili, soli yote yapukutika unga. Kwa hivyo ikunjeni kwa nguvu mbele ya mteja, ukucha ubonyeze ukingoni mwa soli. Ikitoa nyufa ndogondogo, hiyo si kamera, yaani si mali ya daraja la kwanza, hata kama ngozi yake yang'aa. Na msimwapie mteja kwamba meno ya nyoka hayapiti. Semeni ilitengenezwa kwa kazi hiyo, basi.

Kutoka Argentina, mkoa wa Córdoba, huja jambo jingine. Kule njiwa ni wengi kupita kiasi, wanakula mashamba, na wageni huruhusiwa kupiga mwaka mzima bila idadi. Mtu mmoja hupiga risasi zaidi ya elfu moja kwa siku. Bega huvimba, vidole huchubuka, bomba la bunduki huungua mkono. Ndiyo sababu ya zile glavu nyembamba za ngozi, na mashati yenye kiraka cha sponji bega moja tu. Mmeyaona? Watu hudhani ni kosa la fundi, wakabandua. Msibandue. Mpakiaji wa mizigo anayebeba gunia bega moja atalilipia shati hilo kuliko mwindaji mwenyewe.

Macho na masikio. Vitu hivi haviji kwenye robota la nguo, vyaja kwenye mifuko ya mchanganyiko pamoja na vyombo. Miwani ya mwindaji haivunjiki ovyo, kwa sababu shambani kuna wenzake kila upande, na marisau yakipigwa juu hurudi chini. Tafuteni kwenye fremu maandishi madogo Z87, na kama yamefuatwa na alama ya kujumlisha ni bora zaidi: imepimwa kwa kishindo. Lenzi nyeupe muuzie wa bodaboda na fundi wa kusaga vyuma. Ya manjano ni ya mwanga hafifu wa asubuhi, msiiite miwani ya jua. Na hakuna hata moja inayofaa kuchomelea. Macho ya mtu hayana kamera wala fagia.

Mlio wa bunduki ya marisau wapita desibeli 140, mlio mmoja tu waweza kuharibu sikio. Kwa hivyo mwindaji hubeba vizibo vya masikio au vile vifuniko vikubwa. Vizibo laini vilivyokwisha tumika vitupeni, ni uchafu wa mtu. Vifuniko vichukueni: angalia mto wa pembeni usiwe umepasuka, na kama vina betri fungua uone kama haijavuja. Vijana wanaokata mawe ya matumbawe kwa mashine huko Kilifi hufanya kazi masikio wazi. Wapelekeeni.

Viti vya kukunja na ndoo zenye kigoda kinachozunguka juu ya kifuniko, ndani pana nafasi ya risasi na maji: hivyo havihitaji mafunzo, mvuvi akikiona atakinyakua mwenyewe. Njiwa bandia ni kituko. Ni wa plastiki, ana kibanio tumboni cha kumshika kwenye tawi au uzio, na wengine wana mabawa ya kuzunguka kwa betri. Mwenzetu mmoja aliwauza kama vitisho vya kufukuza ndege. Mnunuzi akamweka juu ya banda la mtama, na ndege wakazidi kuja! Kazi yake ni kuwaita wenzake, ndugu zangu. Muuzieni mwenye duka apambe dirisha.

Kidogo juu ya Uingereza, kwa sababu robota za huko tunazo pia. Wao huwinda njiwa wakubwa wa porini wanaokula mazao, na hujificha nyuma ya nyavu. Makoti yao ni ya pamba iliyotiwa nta; Barbour ndilo jina kubwa, kampuni ya South Shields tangu 1894. Koti hilo hunata mkononi, lina harufu, na mtu asiyelijua hulitia maji ya moto na sabuni, nta yote ikatoka, akawa ameua koti la maelfu. Lipanguse kwa maji baridi na sponji, basi. Na msijaribu kuliuza hapa wakati wa kaskazi. Litumeni Limuru, litumeni Nyahururu, huko mvua na ukungu vitaliuza vyenyewe.

Mwaka 2020, serikali ilipofunga mitumba kuingia kwa sababu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, wengi hapa tuliishi kwa kurudia marobota ya zamani. Watu waliojua kusoma nguo ndio waliopika chakula nyumbani. Vile vizibao vya pembeni vilitoka vyote.

Sasa neno la mifuko, na hili nataka hata watoto wanaotusaidia kufungua walisikie.

Nguo hizi zilibeba risasi. Wakati mwingine zinafika nazo. Risasi ya marisau ni kibomba cha plastiki chenye kitako cha shaba, mara nyingi chekundu, na cha bunduki ndogo zaidi ni cha manjano. Iliyokwisha pigwa huwa na mdomo wazi, tupu ndani. Ambayo haijapigwa huwa mdomo umekunjwa kuelekea katikati, na ina uzito. Lakini sitaki mtu akae akichunguza. Ukikigusa kitu cha namna hiyo mfukoni, kiache hapo hapo. Usikigonge, usikipige picha ya kujigamba, usimpe mtoto, usikitie kwenye taka zinazochomwa jioni. Ondoa watu, mwite kiongozi wa soko, polisi waje wakichukue wenyewe. Kuwa na risasi bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha, na maelezo kwamba ilikuja kwenye mtumba ni rahisi kuyatoa mbele ya mashahidi, lakini ni magumu kuyatoa ikiwa imepatikana nyumbani kwako kabatini.

Na mfuko wa mgongoni, hata ukiwa safi kwa macho, wafaa ufuliwe peke yake. Marisau mengi ni ya madini ya risasi, na unga wake hushika kitambaa. Geuza mfuko nje, kung'uta nje ya nyumba, upepo ukiupa mgongo, fua mbali na nguo za watoto, nawa mikono kabla ya kula. Aliye mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Kaka umeinua mkono. Naam, nimesikia: mteja akiuliza nguo hii ni ya nini, amwambie ni ya kuwindia? Mwambie. Ficha ya nini? Sema: ilishonwa kwa mtu anayeketi juani saa nzima, mikono iwe huru, vitu vyake viwe karibu, mgongo upate hewa. Kisha mwulize yeye anafanya kazi gani. Akikujibu, umeshajua ni mfuko gani wa kumwonyesha kwanza. Wauzaji wetu wengi hutaja bei kabla ya kujua jina la kazi ya mteja, halafu wakashangaa anaondoka.

Na mama pale nyuma auliza kama kuna za kike. Zipo, chache, kiuno kimebanwa na mabega ni membamba. Hizo usizichanganye na za wanaume hata siku moja. Dada zetu waongozaji wa ndege Mida na Shimba wanavaa vizibao vya wanaume vinavyowafika magotini, wakipata cha saizi yao hawajadiliani bei sana. Niwekeeni mimi kwanza, nitanunua.

Haya, meza hii isogezwe katikati, na hilo robota la kilo 45 liletwe. Mwenye kisu akate mikanda, ila ncha ya kisu iwe juu isije ikachana nguo. Watu wanne kila upande. Kila mmoja atoe nguo moja, aingize mkono mifukoni polepole, halafu atuambie ilishonwa kwa nani na atamuuzia nani. Bei tutaitaja mwisho.